Kumtafsiria Manju

Watu wakiniona nimeinamia simu wanasema, mtu mzima huyu anaangalia katuni. Nimechoka kuwajibu. Si katuni, ni anime, na ninayoipenda mimi ni ya michezo. Ile niliyoifuata mwaka ule ilihusu shule ndogo ya milimani huko Japani, wasichana wanaocheza mpira wa mikono, ukumbi wa mazoezi unaovuja na kocha asiyecheka hata akikanyagwa. Nami sekondari nilicheza mpira wa mikono mpaka kidole kimoja kikapinda, na mpaka leo hakijanyooka. Kwa hiyo nikiangalia, naangalia kama mtu anayeujua uzito wa ule mpira.

Ninauza vipuri vya karasha na pampu za maji hapa Geita mjini. Karasha ni ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na wenye makarasha ni watu wa haraka. Mtu anaingia ana vumbi mpaka kwenye kope, anataka beringi sasa hivi, vijana wake wamekaa tu, maji yanajaa kwenye shimo, na muda wote ninaopekua rafu ananitazama kana kwamba nimeificha makusudi. Siku nzima inakwenda hivyo. Nadhani ndiyo maana napenda hadithi ambayo mpira ukirushwa unakaa hewani nusu ya kipindi. Kabla haujamfikia golikipa tumeshajua mrushaji alilelewa na nani, golikipa anaogopa nini, na yule wa benchi anaomba dua gani moyoni. Msichana anakosa goli na wewe unalia, kwa sababu umeelewa alikotoka. Dukani hakuna anayepewa nafasi ya kueleweka namna hiyo. Hata mimi sipewi.

Akaunti ya kuangalizia nilikuwa nachangia na mwenzangu wa dukani, dada mmoja mwenye roho nzuri na mdomo usiofungika. Kipindi kipya kilitoka kila Jumamosi. Akikiwahi yeye, Jumatatu asubuhi kabla hata ya salamu nitaambiwa nani kaumia na nani kafunga. Kwa hiyo Jumapili mchana, njoo mvua njoo jua, lazima niwe na bando na nimeangalia. Hiyo ndiyo iliyokuwa ibada yangu ya pili ya siku hiyo, na sikutaka kusumbuliwa.

Halafu baba akapata kiharusi, akaletwa kwangu ili awe karibu na hospitali.

Lazima niseme baba yangu ni nani. Ni manju. Kwetu Usukumani manju ndiye anayetunga nyimbo na kuziongoza kwenye ngoma, na ngoma kwetu ni mashindano. Kuna pande mbili, Wagika na Wagalu. Baada ya mavuno wanakutana uwanjani, kila upande unapiga duara lake, wanaanza kwa wakati mmoja, pua kwa pua. Hakuna anayehesabu magoli. Watazamaji wanatembea. Huku kukinoga wanakuja huku, kukipoa wanahamia kule. Ukibaki na watu umeshinda, ukibaki na vumbi lako umeshindwa, na hakuna refa wa kumlalamikia. Baba ni Mgalu. Nikiwa mdogo nimewahi kuona kwa macho yangu watu wakiwakimbia Wagika kumfuata yeye, wakiwemo wake wa Wagika wenyewe, na mama akapata la kumtania msimu mzima.

Sasa mtu huyo kiharusi kilimshika mkono wa kulia na ulimi. Mguu ulirudi upesi, mkono ukawa unarudi kidogo kidogo. Ulimi ukabaki mzito. Maneno yalimtoka yamelowa, yameshikana, mwanzo wa moja umeingia kwenye mwisho wa jingine. Daktari alitukalisha akasema dawa yake ni kuongea. Aongee, asome kwa sauti, agombane na watu, aimbe, chochote, na aanze sasa, kwa sababu ulimi usipotumiwa siku hizi za mwanzo huenda usirudi kabisa. Baba alimsikiliza vizuri. Tulipofika nyumbani akakaa kwenye kiti chake akanyamaza.

Nilimwelewa na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja. Mtu ambaye maneno yake yalifuatwa na watu kwa miguu hawezi kuwapa watu hao hao maneno yaliyoharibika. Lakini daktari alishasema. Kila siku aliyonyamaza niliiona sauti ile inakwenda, na mimi nilikuwa naipenda sauti ile kuliko kitu chochote alichonipa. Niliogopa kwamba itakufa kabla ya mwenyewe.

Na mimi, kwa haraka zangu, nikawa mdomo wake. Mgeni akiingia, "Shikamoo, mzee," baba atachezesha midomo kidogo, na kabla hajafika popote mimi nimeshajibu, marahaba, anasema hajambo, anawasalimu nyumbani, chakula anakula vizuri. Mgeni anashukuru, anageuza kiti kunielekea mimi, na mazungumzo yanapita juu ya kichwa cha baba kama moshi. Niliona namsaidia.

Jumapili moja hedifoni zangu zikafa sikio moja, kisha zote. Nikaacha sauti ya simu itoke hivyo hivyo. Kijapani kikajaa sebuleni, filimbi, viatu vinavyolia sakafuni, wasichana wanaitana. Baba alikuwa amegeukia dirisha. Akageuka. Akavuta kiti kwa mkono wa kushoto mpaka bega lake likagusa langu, akakodolea simu. Baada ya muda akasema kitu. Sikukisikia, akarudia, nami nikakielewa mara ya pili: anauliza wanasema nini.

Pale chini ya picha maandishi yalikuwa yanapita kwa Kiingereza. Basi nikaanza kumtafsiria, kama wale jamaa wa vibanda vya video wanaotafsiri muvi huku wanatia chumvi zao. Kutoka Kijapani hadi Kiingereza cha wenyewe, kutoka Kiingereza hadi Kisukuma changu cha mjini. Niliruka mengi. Msichana anaongea mpaka machozi yanamtoka, mimi nasema, "Anasema amechoka." Baba ananiangalia kwa jicho la pembeni. Hakuwa anajua hata neno moja la Kijapani, lakini maisha yake yote ameangalia nyuso za watu wanaoimba, na alijua kabisa kwamba mtu hakunji uso namna ile kwa ajili ya kusema amechoka.

Bando letu lilikuwa la kubangaiza, na mtandao wa mtaani kwetu una tabia zake. Picha inasimama, kile kiduara kinaanza kuzunguka katikati ya kioo. Mimi hapo hutukana kimoyomoyo. Baba, ambaye ujanani kila kiangazi alikwenda machimboni Mwakitolyo kubangaiza kabla ya msimu wa ngoma, alikitazama kile kiduara akasema neno moja: "Linasaga." Alimaanisha karasha. Jiwe likiwa ndani unangoja. Tangu siku ile simu ikikwama tunasema linasaga, tunangoja, na hasira yangu imepungua kidogo.

Jumapili iliyofuata akaninyooshea kidole kwenye simu kabla mimi sijafungua. Nyingine tena hivyo hivyo. Alikuwa bado haongei na wageni wala na jirani, lakini kwenye anime aliuliza. Nani huyu. Mbona amekaa. Yule kocha wa upande wa pili, aliyekunja mikono bila kusema kitu, baba aliamini ndiye mganga wao. Nilimweleza ni kocha. Akasema sawa, lakini kila mpira ukigonga mwamba wa goli alimtazama yule mzee kwanza.

Kisha kikaja kipindi kilichotugombanisha. Timu yetu ya milimani ilicheza na shule kubwa ya mjini. Shule ile ilikuwa na golikipa mfupi, mtoto wa kike asiyefika hata kwapani mwa wenzake, na siku hiyo alidaka vitu visivyodakika. Mwishoni wasichana wetu wakapata goli la ushindi, filimbi ikalia, wakarukiana. Nikashangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Baba akatikisa kichwa.

"Wameshindwa," akasema.

Nikamwambia hapana baba, wameshinda, tazama namba zile pale juu. Akasema wameshindwa. Nikarudisha nyuma nikamwonyesha tena namba. Akaniondolea kidole changu kwenye kioo kwa mkono wake wa kushoto, akagusa watazamaji waliochorwa nyuma ya goli, ukumbi mzima umesimama, na wote nyuso zao zimemwelekea yule golikipa mfupi aliyekuwa amepiga magoti.

"Watu wako wapi?" akauliza.

Nikamwambia watu hawahesabiwi, huu ni mpira. Akanijibu kwamba basi mpira huo umetungwa na watu wasiojua kuangalia. Nikasema kama ni hivyo kila timu ingeleta ndugu zake tu wajaze ukumbi. Akasema ndugu pia huondoka, yeye ameona ndugu wakiondoka, mimi nimeona nini. Nikasema sheria ni sheria. Akasema namba zile kesho hakuna atakayezikumbuka, lakini yule mfupi ataimbwa. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilipotoka nje kuchukua kuni, nikiwa bado natafuta la kumjibu, ndipo nikasimama. Baba alikuwa ameongea. Maneno yamelowa, ndiyo, na mengine nililazimika kuyakisia, lakini alikuwa ameniletea ubishi mzima, una mkia na masikio. Nililia pale pale kwenye kuni, kwa furaha, kisha nikarudi ndani nikaendelea kubisha ili asinyamaze.

Kuanzia hapo nikajua dawa. Kila Jumapili nilishabikia namba, yeye alishabikia watu. Nilitafsiri vibaya makusudi ili anisahihishe. Na jambo la ajabu, nikaanza kuona alichokuwa anaona yeye. Anime hizi za michezo nilizozipenda miaka yote, niliwahi kudhani nazipendea ushindi. Kumbe wanaonibakia kichwani ni walioshindwa. Mtunzi akishamaliza kuonyesha waliofunga wanavyokumbatiana, anarudi upande wa pili, anakaa nao, anakuonyesha mmoja mmoja anavyofungua kamba za viatu. Hakuna kipindi cha mpira kwenye televisheni kinachofanya hivyo. Kwenye anime mshindi anapata namba na aliyeshindwa anapata macho yetu, na baba alikuwa akiniambia hilo kwa lugha ya ngoma.

Mavuno yakakaribia. Mama, aliyebaki kijijini kwetu Shinyanga na mashamba, akapiga simu. Siku ya ngoma imepangwa. Wagalu wanauliza kama manju atakuja, hata akae tu kwenye kiti waone uso wake. Manju wa Wagika, mzee mwenye maneno makali ambaye amepambana na baba tangu wote wana nywele nyeusi, ameshaanza kutamba kwamba mwaka huu hana mpinzani. Nilimweleza baba. Akatikisa kichwa. Nikamsihi. Akagusa midomo yake kwa kidole, akageukia dirisha.

Nilikata tamaa. Nikamwambia mama kwamba baba hatakuja, nikamwomba asiendelee kuuliza.

Jumapili iliyofuata kilikuwa kipindi cha mwisho cha msimu. Mwenzangu wa dukani alikuwa amekiwahi Jumamosi, akaniapia kwamba hatasema kitu, na macho yake yalikuwa yameniambia kila kitu. Nilijua wetu watashindwa. Wakashindwa kweli, na golikipa wetu akaruhusu goli ambalo hata mimi na kidole changu hiki ningelizuia. Mtandao ukasaga, tukangoja. Picha iliporudi, wasichana wa milimani walikuwa wamejipanga mstari mbele ya watazamaji, si wengi, wazazi na walimu na bibi mmoja mwenye mwavuli. Wakainama wote kwa pamoja, wakasema kitu.

"Wanasema nini?" baba akauliza.

"Wanasema, asanteni kwa kuja."

Mara hii nilitafsiri vizuri. Baba aliwatazama mpaka majina ya watengenezaji yakaanza kupanda. Kisha akasema, "Wabeja." Ndiyo asante yetu ya Kisukuma. Lilitoka safi, kila herufi mahali pake, sijui lilipita wapi kwenye ulimi ule. Akanyoosha mkono akataka simu. Nilidhani anataka turudie. Alitaka nimpigie mama.

Nikampigia, na kwa mazoea nikafungua mdomo nimsemee. Akaninyang'anya simu. Mama alisikiliza ile sauti nzito, akauliza, "Nani huyu?" Niliona uso wa baba ukiyumba. Nilitaka kuinyakua simu ile nimwambie mama ni mumeo, hivi masikio yako yamekwenda wapi. Baba akavuta pumzi, akajitaja, akarudia taratibu. Upande wa pili mama akaanza kucheka na kulia, akamwambia kwamba alidhani ni mlevi amekosea namba. Baba naye akacheka. Akamwambia anakuja.

Uwanja wa ngoma kijijini kwetu ni shamba lililovunwa tu, lina visiki vya mahindi. Tulifika jua likiwa juu. Wagalu walimpokea baba kwa vigelegele, wakamweka kwenye kiti cha plastiki katikati ya duara, mama akasimama nyuma yake ameshika egemeo. Upande wa pili Wagika walikuwa wameshapamba moto, na yule manju wao akaimba jambo kuhusu chui aliyeng'oka meno. Watu wakacheka sana. Hata mimi ningecheka, lilikuwa limetungwa vizuri.

Ngoma zetu zikaanza. Vijana walicheza kwa bidii, watu wakajaa. Kisha zikapunguzwa, na baba akaanza kuimba. Nilikuwa sijawahi kumsikia akiimba tangu augue. Sauti ilikuwa ya chini, inakwaruza, na maneno yamelowa kama nilivyoyazoea. Mimi niliyasikia yote. Alikuwa anawashukuru watu kwa kuja. Lakini waliosimama nyuma walitazamana. Mmoja akauliza anasema nini, mwingine akainua mabega, na pembeni kabisa kikundi kikaanza kuhamia kwa Wagika. Nimelelewa kwenye ngoma, najua maana yake. Hao wakishaanza, wengine huwafuata.

Nilifanya ninachojua kufanya. Nikaingia ndani ya duara, nikasimama ubavuni kwa baba, nikavuta pumzi ili nirudie mstari wake kwa sauti yangu ya kuitia wateja, sauti inayoshinda kelele za karasha. Ningewatafsiria uwanja mzima mpaka yule wa mwisho asikie.

Baba akainua mkono. Ule wa kulia. Haukufika juu, ulifika kifuani tu, ukitetemeka, lakini ulinisimamisha.

"Mayu," akasema. Ndivyo anavyoniita, mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. "Usinitafsirie."

Akarudi kwenye wimbo, kwa sauti ile ile ya chini, bila haraka. Jioni wazee walitangaza kwamba Wagika wameshinda siku ile, kwa kuwa wao walikuwa na watu mpaka jua linazama na sisi tulikuwa nao kwa muda wa wimbo mmoja. Sikubishana na mtu. Nilikuwepo wakati wa wimbo huo. Waliokuwa mbele waliinamisha vichwa wapate kusikia, wakasogea. Waliokuwa nyuma wakaona wenzao wamesogea, wakasogea nao. Aliyeongea akanyamazishwa. Wale waliokuwa wameondoka waligeuza shingo, kisha miguu, wakarudi. Duara likabana mpaka magoti ya watu wa mbele yakakigusa kiti, na ng'ambo, ngoma za Wagika zikapungua, nikamwona yule manju wao amesimama peke yake ameweka kiganja sikioni apate kusikia.

Nami nilikuwa nimetoka katikati nikarudi nyuma ya watu. Kutoka pale sikusikia vizuri, kwa hiyo nikaanza kusukumana na wenzangu, nikasogea.